Kompyuta ya Heroes III: inachakachua, ni zuzu, au sisi ndio tunaipangia vibaya?

Zamu_Yako

Wakuu, salaam. Nauliza kuhusu Heroes of Might and Magic III, mchezo wa kompyuta wa mbinu za vita, toleo la Complete ambalo lina nyongeza za Armageddon's Blade na The Shadow of Death humo humo. Lipo kwenye laptop ya Windows, na nia ni kulihamishia kwenye simu ya Android pia.

La kwanza: ugumu ukipandishwa kutoka Normal hadi Expert, kinachobadilika hasa ni nini? Kompyuta inaongezewa akili, inapewa vya bure, au mchezaji ndiye anayenyang'anywa? Kwenye ramani za XL (kubwa kabisa) inazurura mwezi mzima ikiokota mbao na mawe, halafu ghafla inatokea na shujaa mmoja mwenye jeshi la kutisha.

La pili: ndani ya vita inachagua vipi wa kumpiga? Kuna wakati inawaacha Marksmen (wapiga mishale) wamesimama wazi na kukimbilia kikosi cha Pikeman (askari wa mkuki) mmoja.

La tatu: kuna namna ya kupata mpinzani mkali zaidi bila kuacha mchezo wenyewe? VCMI, programu nyingine ya kuuendesha mchezo huu, inatajwa sana, ila maelezo mengi yanaishia kwenye "sakinisha tu".

Kipanga

Mkuu, nianze na la kwanza maana ndilo linalopotosha wengi. Ugumu kwenye Heroes III ni suala la mfuko wako kabla ya kuwa suala la akili ya kompyuta. Mali ya kuanzia kwa mchezaji ni hii: Easy dhahabu 30,000, Normal 20,000, Hard 15,000, Expert 10,000, Impossible sifuri. Mbao na mawe vinakwenda 30, 20, 15, 10, 0. Kompyuta haishushwi hadi sifuri pamoja na wewe. Kwa hiyo Impossible haikupi mpinzani mwerevu kuliko wa Hard. Inakupa wewe yule yule ukiwa umeanza mbio kwa mguu mmoja. Alama za mwisho tu ndizo zinazokulipa fidia: 80% kwa Easy, 100, 130, 160, hadi 200% kwa Impossible.

Ili uone tofauti inavyouma, chukua wiki ya kwanza ya kawaida kwenye Normal, mji wenye Fort na Tavern tayari. Unaruhusiwa jengo moja kwa siku:

Siku ya 1 Town Hall (dhahabu 2,500). Siku ya 2 Marketplace (500, mbao 5). Siku ya 3 Blacksmith (1,000, mbao 5). Siku ya 4 Mage Guild ya kwanza (2,000, mbao 5, mawe 5). Siku ya 5 City Hall (5,000). Siku ya 6 Citadel (2,500, mawe 5). Siku ya 7 Castle (5,000, mbao 10, mawe 10).

Jumla ni dhahabu 18,500, mbao 25, mawe 20. Mji unaingiza 1,000 kwa siku baada ya Town Hall na 2,000 baada ya City Hall, yaani 8,000 hadi kufika siku ya 7. Ukianza na 20,000 unabaki na 9,500 za kuajiri mashujaa (2,500 kila mmoja) na askari. Mawe yanatosha kamili, mbao zinapungua 5, ndiyo maana kiwanda cha mbao kinachotoa 2 kwa siku lazima kitekwe ndani ya siku tatu nne za mwanzo. Castle ikisimama siku ya 7, wiki ya pili inafunguka na askari mara mbili. Ukichelewa siku moja tu, umepoteza wiki nzima ya nyongeza hiyo, kwa sababu askari huzaliwa siku ya kwanza ya wiki na si siku nyingine.

Sasa rudia hesabu hiyo na 10,000 za Expert: 18,000 dhidi ya 18,500, kabla hujaajiri hata shujaa wa pili. Na kwa Impossible unasubiri siku tano za dhahabu 500 ili upate Town Hall tu. Pengo lote lazima lizibwe na masanduku ya hazina (1,000, 1,500 au 2,000 ukichagua dhahabu badala ya uzoefu) na marundo ya dhahabu barabarani. Mchezaji mzoefu analiziba. Akishaliziba, mbele yake kuna kompyuta ile ile aliyokuwa akiipiga kwenye Hard.

Kuhusu lile jeshi la kutisha, sababu yake ni ya kawaida kabisa. Kompyuta inarundika kwa shujaa mmoja mkuu, inanunua kila inachoweza kununua, na kwenye XL (144 kwa 144) hakuna aliyekwenda kuisumbua wiki zote hizo. Ukicheza kwa kujifungia ndani hadi upate Capitol na malaika, umeipa muda, na muda ndio kitu pekee inachojua kukitumia. Ramani ya M (72 kwa 72) inakulazimisha kukutana nayo mapema, na hapo utaona udhaifu wake waziwazi: mashujaa wadogo wanatawanyika kuokota vitu, miji inabaki na ulinzi hafifu.

Pweza

Nachukua la pili.

Kila kiumbe kwenye mchezo kina namba mbili za siri kwenye faili la CRTRAITS.TXT: Fight Value na AI Value. Hiyo ya pili ndiyo mizani ya kompyuta. Peasant ana 15, Pikeman 80, Halberdier 115, Archangel 8,776, Black Dragon 8,721, Azure Dragon 78,845. Nguvu ya jeshi ni namba hiyo mara idadi, zikajumlishwa. Halberdier 100 ni 11,500, kwa hiyo kwenye karatasi wanamzidi Archangel mmoja. Na ukweli ni kwamba wakisimama ana kwa ana, wanamshinda. Tatizo ni kwamba jumla hiyo haijui nani anaruka, nani ana mishale, nani ataanza, wala kama uwanja una vizuizi. Archangel ana kasi ya 18. Anaweza kuwazunguka Halberdier na kuwachinja wapiga mishale nyuma yao huku wao bado wanatembea. Mizani inaona kilo tu.

Ndani ya vita, kompyuta ni kama mcheza bao anayeona mtaji ulio mbele yake na hauoni ule atakaouacha wazi kwa mwenzake. Pikeman mmoja ni pigo la bei nafuu: anakufa mara moja na hakuna anayebaki kujibu. Ndiyo sababu kikosi cha mtu mmoja ni chambo kizuri hivyo.

Namna ya kukitumia. Una nafasi 7 za vikosi. Weka Marksmen wote kwenye nafasi moja, kona ya juu au ya chini. Weka Pikeman mmoja mmoja kwenye nafasi tatu au nne kati ya zilizobaki. Vita vikianza, wawili wasimame vyumba vinavyogusa Marksmen ili kufunga njia, mwingine apelekwe pembeni mbali. Adui wa miguu atapoteza zamu kumfuata huyo wa pembeni.

Mfano wa hesabu, Marksmen 40 dhidi ya Walking Dead 60, bila nyongeza ya shujaa. Marksman anapiga 2 hadi 3, mara mbili kwa zamu: 40 × 2.5 × 2 = 200. Shambulio lake ni 6, ulinzi wa Walking Dead ni 5, kila pointi ya ziada huongeza 5%, tunapata 210. Uhai wa Walking Dead ni 15, kwa hiyo wanakufa 14 kwa zamu. Ila umbali ukizidi vyumba 10 pigo linakatwa nusu, wanakufa 7. Uwanja una upana wa vyumba 15 na wao wanatembea 3 kwa zamu, kwa hiyo wanapigwa kwa nusu mara mbili na kwa ukamilifu mara tatu kabla hawajagusa mtu: 7 + 7 + 14 + 14 + 14 = 56. Wanafika wanne. Jeshi la porini hugawanyika vikosi kadhaa, kwa hiyo hesabu halisi itayumba kidogo, lakini picha ndiyo hiyo.

Mambo yanayoharibu mpango huu:

Adui anayeruka. Dhidi ya Griffin au Wyvern ukuta wa Pikeman hauna maana kama kuna chumba kimoja wazi kinachogusa Marksmen. Kona inasaidia kwa sababu vyumba vinavyogusa ni vichache.

Adui mwenye mishale. Huyo hafuati chambo. Mfunge kwa kumsimamishia mtu yeyote ubavuni; akiguswa hawezi kurusha, na wengi wao wakipigana mkono kwa mkono hupiga nusu.

Kusahau kujibu pigo. Kila kikosi hujibu mara moja kwa zamu (Griffin mara mbili, Royal Griffin bila kikomo). Tanguliza Pikeman mmoja ale jibu, kisha kikosi kikubwa kipige bila gharama. Wengi hufanya kinyume, wanatanguliza wakubwa na kushangaa hasara.

Na ukiwa na kiumbe mwenye kasi kuliko wote uwanjani, bonyeza W asubiri hadi mwisho wa zamu, apige, kisha zamu mpya ikianza apige tena kabla adui hajapumua. Kompyuta haijipangi kukwepa hilo.

Kuhusu mashujaa wake kukimbia: ukimpiga uwanjani atatoroka na kuajiriwa tena Tavern kwa 2,500. Kumkomesha ni ama uvae Shackles of War (kifaa cha kale kinachozuia kutoroka), ama umbane ndani ya mji wake, kwa kuwa anayezingirwa hana njia ya kutoroka isipokuwa mji ni wa aina ya Stronghold wenye jengo la Escape Tunnel.

Fundi_Folda

La tatu. VCMI si modi, ni injini nyingine kabisa iliyoandikwa upya, chanzo chake kiko wazi, mradi ulianza 2007 na toleo la 1.0 lilitoka 2022. Inatumia picha, sauti na ramani za mchezo wako wa asili. Kwa hiyo bila nakala halali ya Heroes III haina cha kuonyesha. Angalizo muhimu: HD Edition ya Ubisoft ya 2015 haifai, haina zile nyongeza mbili na mafaili yake ni tofauti. Unayo Complete, uko sawa.

Hatua kwenye Windows:

1. Pakua VCMI kutoka tovuti ya mradi, isakinishe kwenye folda yake yenyewe. Usiiweke juu ya folda ya mchezo wa zamani.
2. Fungua VCMI Launcher. Itaomba mafaili. Ukiwa na kisakinishi cha nje ya mtandao cha GOG (duka la michezo la mtandaoni), mwonyeshe faili hilo. Kumbuka ni mafaili mawili, dogo la .exe na kubwa la .bin, na yote mawili lazima yawe pamoja. Wengi wanapakua la .exe peke yake kwa kuogopa kumaliza bando, halafu wanalalamika kwamba uingizaji unakwama.
3. Kama mchezo umeshasakinishwa, chagua kunakili kutoka folda iliyopo. Zinazotakiwa ni Data, Maps na Mp3. Zitaishia Documents\My Games\vcmi.
4. Kwenye mipangilio tafuta sehemu ya akili bandia. Kuna ya ramani na kuna ya vita, na zinachaguliwa kila moja peke yake. Ya ramani weka Nullkiller. VCAI ni ya zamani na dhaifu. Ya vita weka BattleAI kwa maadui, na ukitaka mambo yawe magumu kweli iweke hata kwa majeshi ya porini, badala ya StupidAI ambayo jina lake halijakosewa.

Tofauti utaiona wiki ya kwanza. Nullkiller inapeleka askari kwa mnyororo: shujaa mdogo anayachukua mjini, anampa mwenzake njiani, huyo anamfikishia mkuu siku hiyo hiyo. Hivyo jeshi linasafiri mbali kuliko miguu ya shujaa mmoja. Ni mbinu ambayo wachezaji wa mashindano wanaitumia siku zote. Ukiacha mji na askari wachache kwa kudhani adui yuko siku tatu mbali, utaukuta umekwenda.

Inapima shujaa pia. Nguvu ya kupigana kwenye VCMI ni kipeuo cha pili cha (1 + 0.05 × shambulio) × (1 + 0.05 × ulinzi). Shujaa wa 10 na 10 anazidisha jeshi lake mara 1.5. Kwa hiyo usishangae inapokimbia jeshi dogo kuliko lake, imeangalia aliyelibeba.

Anayetaka kuchezea zaidi aangalie mpangilio wa Nullkiller ndani ya config/ai/nkai. Kuna maxRoamingHeroes (idadi ya mashujaa inaoruhusu kuzurura), useTroopsFromGarrisons (kama inachota walinzi wa miji), na openMap ambayo huamua kama inaiona ramani bila giza. Anayelalamika kwamba kompyuta "inajua niliko" aanzie hapo. Nakili faili pembeni kabla ya kuligusa, koma moja ikikosekana halisomeki.

Hasara zipo. Michezo iliyohifadhiwa kwenye Heroes III ya asili haifunguki VCMI, unaanza upya. Na zamu za Nullkiller kwenye XL yenye wachezaji wanane ni ndefu, hasa simuni.

Zamu_Yako

Shukrani wakuu, hii ni zaidi ya nilichoomba. Fundi, kwenye Android nimenakili folda ya Data kwa waya, lakini VCMI inasema mafaili hayapo. Nafasi ipo ya kutosha.

Fundi_Folda

Umeionyesha Data yenyewe. Unatakiwa kuonyesha folda inayoibeba. Tengeneza folda moja, iite heroes3, ndani yake weka Data, Maps na Mp3 zikiwa sambamba, kisha kwenye launcher chagua heroes3.

Ikikataa bado, fungua Data uhakikishe H3bitmap.lod, H3sprite.lod na Heroes3.snd zipo, pamoja na H3ab_bmp.lod na H3ab_spr.lod za nyongeza. Hizo mbili za mwisho zikikosekana, una Heroes III ya kwanza isiyo na nyongeza, au uhamishaji ulikatika katikati. Linganisha ukubwa wa mafaili na yale ya laptop; waya mbovu hukata faili la .lod bila kutoa onyo lolote. Ikishanakili ndani yake, folda ya heroes3 unaweza kuifuta, vinginevyo unabeba mchezo mara mbili.

Grunt_wa_Usiku

Naheshimu Heroes III, ila kama swali ni akili ya mpinzani na siyo mapenzi ya utotoni, Battle for Wesnoth inastahili kutajwa. Ipo tangu 2003, bure kabisa, haihitaji kununua kitu, na inakwenda hata kwenye mashine dhaifu. Jambo kubwa ni kwamba akili ya kompyuta unaipangia mwenyewe kwa mistari michache. Ndani ya [side] ya kompyuta kwenye faili la ramani unaandika:

[ai]
aggression=0.2
caution=0.5
[/ai]

Bila kuandika chochote, aggression ni 0.4 na caution ni 0.25. Aggression ya 1 ina maana haijali hasara yake hata chembe, inahesabu madhara kwa adui tu. Ya 0 inapima hasara yake sawa na yako. Caution inaamua inavyosita kusogea bila wenzake. Kosa la wengi ni kupandisha aggression hadi 1 wakidhani wanapata mpinzani mkali. Wanapata mpinzani anayejirusha kwenye kuta mmoja mmoja hadi dhahabu yake inaisha. Ishushe, pandisha caution, na ghafla inakuja kwa makundi.

Udhaifu ambao namba hizo haziuponyi ni saa. Wesnoth ina mzunguko wa zamu 6: alfajiri, asubuhi, mchana, jioni, kisha zamu mbili za usiku. Askari wa giza, kama orki, hupata 25% zaidi usiku na kupoteza 25% mchana, wa mwanga kinyume chake. Orcish Grunt anapiga 9 mara 2. Mchana inakuwa 7 mara 2, usiku 11 mara 2. Kompyuta inahesabu vizuri pigo la zamu hii, lakini haijui kungoja usiku. Grunt watafika kwako asubuhi kama wamefika.

Kwa hiyo dhidi ya orki: zamu ya 4 rudi nyuma, zamu ya 5 na ya 6 kaa vijijini. Spearman kijijini anakwepa 60% na kupona uhai 8 kila zamu. Kwenye uwanda anakwepa 40% tu. Grunt wa usiku dhidi yake kijijini anatarajiwa kutoa 8.8 kwa shambulio, kwenye uwanda 13.2. Alfajiri ikifika, wewe una afya, yeye ana nusu, na zamu mbili za mchana ni zako.

Ukitaka kulinganisha mipangilio bila kucheza, andika :droid kwenye mstari wa amri, upande wako utachezwa na kompyuta pia. Acha zishindane, angalia nani anamaliza dhahabu kwanza.

Kipanga

Grunt, nakubali kuhusu aggression, ila kusema ukweli mlinganisho haupo sawa. Wesnoth haina miji ya kujenga wala askari wa wiki, ni vita tupu. Kompyuta ya Heroes inaendesha uchumi, mashujaa hadi wanane, mabaki ya kale na uchawi kwa wakati mmoja. Kushindwa kwake kunatoka huko kwenye ramani kuliko kwenye vita. Ipe kompyuta Expert Earth Magic na Town Portal (uchawi wa kurukia mjini), bado haitautumia kama binadamu anavyoruka kutoka mji hadi mji kulinda milki nzima kwa shujaa mmoja.

Mzee_DOS

Vijana, mmeisahau Master of Magic ya 1994, kazi ya SimTex chini ya MicroProse. Dunia mbili, Arcanus na Myrror, na rangi tano za uchawi. Kompyuta yake ya asili kwa ngazi ya Impossible inashinda kwa kupewa nyongeza za mali, si kwa kufikiri. Anayetaka kuirudia leo aende moja kwa moja Caster of Magic, ambayo ilianza kama modi na mwaka 2020 ikatolewa rasmi kwa Windows. Humo wachawi wa kompyuta wanapanga majeshi na uchawi wao kwa namna inayoeleweka. Onyo tu: ngazi za juu zimepangwa kwa watu walioikariri, anzeni chini.

Kwa wanaopenda Heroes II, ipo fheroes2, nayo ni injini mpya ya chanzo wazi, nyepesi mno kwa simu. Inataka folda za DATA na MAPS za mchezo wa asili, na ndani ya DATA lazima kuwe na HEROES2.AGG. Ukiwa huna, inakubali hata ile demo ya zamani, japo ramani ni chache.

Zamu_Yako

Simu imekubali, ilikuwa ni folda ya nje kama alivyosema Fundi. Swali la mwisho: kwa VCMI na Nullkiller, nianze na mpangilio gani wa ramani ili isiwe nyepesi wala isinizike wiki ya pili?

Pweza

M yenye chini ya ardhi, maji hakuna, majeshi ya porini ya kawaida, ugumu wa Hard, kompyuta mbili. Maji yaondoe mwanzoni kwa sababu mashua huipunguzia kompyuta kasi kuliko inavyokupunguzia wewe, na hujui tena kama umeshinda kwa akili au kwa bahari.

Ukiona unazishinda zote mbili kirahisi, usikimbilie Impossible. Ziweke timu moja kwenye ukurasa wa kutengeneza ramani ya bahati nasibu. Zikiwa huru zinapigana zenyewe na mmoja anakufa kabla hujamwona, hivyo unakutana na aliyechoka. Zikiwa timu moja, mashujaa wakuu wawili wanakuja wakiwa wazima, kila mmoja na njia yake, na mji wako mmoja hautoshi tena kuwasubiri. Baada ya hapo pandisha majeshi ya porini hadi Strong. Hayo hukua 10% kila wiki, kwa hiyo mgodi ulioupita siku ya 5 kwa woga utakugharimu zaidi siku ya 20.

Fundi_Folda

Nyongeza kwa simu: ongeza kasi ya michoro ya mashujaa wa adui kwenye mipangilio, au uifiche kabisa. Nusu ya unachokiita "kompyuta inafikiri" ni farasi wake wakitembea mbele yako.